Gunvor Almlöf na Dakika za Mwanzo

Ijumaa tarehe 30 Mei, Bi. Gunvor Almlöf anastaafu baada ya miaka thelathini na nane ya kuhariri filamu katika kampuni yetu ya filamu hapa Göteborg. Ukimuuliza kazi yake, atakwambia anakata na kuunga tu. Usimwamini. Mimi niko chumba cha jirani miaka yote hiyo, na hadi leo sijui anafanyaje.

Kila filamu mpya, Gunvor hutuonyesha mwanzo wake wakati wa kahawa ya alasiri, na mezani huweka maandazi ya mdalasini aliyooka mwenyewe. Hatazami skrini, anatazama mikono yetu. Mtu akigusa andazi kabla ya dakika tatu, mwanzo huo haufai, anarudi kuukata upya. Waongozaji wenye majina yao wamewahi kutusihi tuje tumeshiba.

Filamu ya kwanza ya mwongozaji Sixten Brandell ilimhusu baba yake, aliyezama na trekta lake barafu ya ziwa ilipopasuka. Mama yake Sixten, Ebba, aliapa hataitazama. Sixten aliianza na ajali yenyewe: barafu inalia, muziki unanguruma, trekta linamezwa. Ilikuwa picha ya kutisha kweli. Tulimaliza sahani nzima.

Sixten alifura. Gunvor akamwambia taratibu, "Mwanangu, umemzamisha baba yako kabla hatujamjua. Nani amlilie?"

Keshoye Gunvor aliianza filamu na kipande ambacho Sixten alikwisha kukitupa. Baba anatafuta miwani nyumba nzima, anamlaumu paka, kumbe miwani iko kichwani. Mkewe anaiona, ananyamaza, anaendelea kumenya viazi. Muziki hakuna. Kahawa ilitupolea vikombeni. Ziwa lilikuwa halijaonekana, nasi tayari tunamwogopea mtu yule.

Siku ya uzinduzi Ebba alikuja, akakaa karibu na mlango ili atoke upesi. Miwani ilipoonekana alicheka kwa sauti, peke yake, ukumbi mzima ukageuka. Hakutoka. Taa zilipowashwa alimshika Gunvor mikono yote miwili.

"Miaka yote nilikuwa nakumbuka alivyokufa tu," alisema. "Leo nimemwona akiishi."

Gunvor, asante sana. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za furaha.