Bosi Anataka Kijani Jumatatu

Benchi letu liko mbele ya dobi ya mashine, pale Weston Road inapoachana na njia ya kushuka mtoni, na kituo cha basi kiko hatua chache mkono wa kushoto. Hakuna aliyetupa benchi hilo. Mwenye dobi alilitoa nje lisubiri gari la takataka, sisi tukaketi, gari lilipokuja likakuta benchi limeshapata wenyewe. Kahawa ni yangu, ya tangawizi, kwenye thamosi. Anayetaka kunywa huja na kikombe chake, kwa maana sikuja Kanada kuosha vikombe vya watu. Kahawa ikiisha, kila mtu kwake. Wananiita Shosho Pilipili na wanadhani sijui.

Jumamosi hiyo ya Juni watu wawili walikuwa wamekaa ncha mbili za benchi bila kuangaliana. Huku Kipchirchir, tunayemwita Winchi, maana hupakia mizigo ghalani kule Malton zamu ya usiku, na mgongo wake ni mpana kama mlango. Huku Gitonga, mjukuu wangu, tunayemwita Inginia, laptopu mapajani. Katikati mimi na thamosi. Mbele yetu Dilawar, tunayemwita Waziri, aliyekuwa na duka Kisumu miaka mingi. Yeye huja na kiti chake cha kukunja, eti benchi letu lina baridi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kampuni anayofanyia kazi Gitonga ndiyo iliyotengeneza programu ambayo ghala la Winchi hutumia kuandika nani amekuja kazini na nani hakuja. Mwezi uliopita programu hiyo iliandika kwamba Winchi hakuja. Ikaandika tena, na tena. Na Winchi kila usiku kati ya huo alikuwa huko anabeba masanduku. Wenzake wa usiku iliwaandika vivyo hivyo, ila msimamizi aliwasahihisha kwa mkono. Winchi alikuwa amegombana na msimamizi kuhusu glavu, kwa hiyo yeye akaachwa alivyoandikwa. Sasa amesimamishwa, na Jumatatu anaitwa ofisini: ama arudishwe, ama afukuzwe. Mkewe anajifungua Agosti.

Maghala yalipolalamika, bosi wa Gitonga alimwambia aandike jaribio la kuonyesha kwamba programu yao haikosei. Hapo nikafundishwa nisichokiuliza. Kuna chombo kinaitwa Maven. Unakipa programu uliyoandika, kinaikusanya, halafu kinaendesha majaribio madogo madogo, moja baada ya jingine. Yakipita yote, kijani. Moja likikataa, nyekundu, na hakuna kinachotoka mlangoni. Jaribio la Gitonga linahusu mtu aliyeingia kazini saa nne usiku akatoka saa kumi na mbili asubuhi: je, programu inasema alikuja? Kwenye laptopu yake, kijani. Kwenye kompyuta ya ofisini, nyekundu. Programu ile ile, Maven ile ile. Na bosi anataka kijani Jumatatu, awaonyeshe wenye ghala asubuhi hiyo hiyo Winchi atakapokuwa amesimama mbele yao. Gitonga naye bado hajathibitishwa kazini.

— Kwangu inasema programu iko sawa, Gitonga alisema. — Labda ulisahau kugusisha kadi.

— Mara tatu? Winchi akauliza.

— Watu husahau.

— Buda, hata mimi naanza kusahau kwamba wewe ni mjukuu wa Shosho.

Nikawamiminia kahawa kabla hawajashikana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaka. Lifti ya jengo letu ilipokufa, huyu Winchi ndiye aliyepandisha friji yangu ngazi zote hizo, peke yake, na Gitonga nyuma yake amebeba rafu moja ya ndani. Leo anamwambia amesahau.

Waziri akafungua kikao. Alisema kompyuta ya ofisini ni chafu, ifutwe. Gitonga akajibu ameshasafisha, si vumbi: ameiambia Maven itupe kazi yote ya zamani ianze upya, akafuta hata ghala lake la vipande vya kuazima, vikashushwa vyote tena kutoka kwenye mtandao. Nyekundu. Winchi akasema basi aiendeshe mpaka ichoke. Gitonga ameshaiendesha mpaka yeye ndiye aliyechoka. Waziri akasema Java, ile lugha programu imeandikwa nayo, ya ofisini si ya nyumbani. Ni ile ile, amelinganisha.

— Basi ni jina, alisema Waziri. — Mashine za siku hizi zinafikiri. Imesoma Gitonga, ikafanya kama wenye nyumba wanavyofanya ukiwapigia simu. Imejaa, samahani.

— Yake ndiyo mbaya, Winchi akasema. — Laptopu inakula kwake, inalala kwake, itamkatalia vipi? Ya ofisini haina undugu naye.

— Nyinyi hamjui, Waziri akasema, na akasogeza kiti karibu, dalili kwamba ubongo umepata moto. — Machi walisogeza saa mbele. Tulilala, tukaamka, saa nzima haipo. Nimewauliza mpaka benki, ilienda wapi, hawajui. Mimi nawaambia iko ndani ya hiyo kompyuta ya ofisini, na jaribio lako limetumbukia humo.

— Dilawar, kunywa kahawa, nikamwambia.

Winchi alikuwa akitazama barabara. Basi la Malton hupita wakati huo, na tangu asimamishwe mazoea bado hayajamtoka, likikaribia anasimama. Siku hiyo lilikuwa limechelewa.

— Saa ngapi saa hizi? akauliza.

Gitonga akachungulia pembeni mwa skrini bila kufikiri.

— Saa tisa usiku.

Jua lilikuwa linatuchoma macho. Waziri alicheka mpaka kiti kikalia. Gitonga akasema, kwa hasira kidogo, kwamba laptopu yake ameiacha kwenye saa za Kenya tangu alipofika, ili asimpigie mama yake Meru akiwa amelala. Alimaliza kusema hayo na mdomo ukabaki wazi.

Akageuza saa ya laptopu iwe ya hapa. Akaiendesha Maven tena. Maandishi yakatiririka kama siafu waliomwagiwa maji. Nyekundu.

Akaeleza polepole, na safari hii hata mimi nilielewa. Saa nne usiku hapa, Kenya ni saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi hapa, Kenya ni saa saba mchana. Kwa hiyo laptopu yake ilimwona mtu aliyekuja na kuondoka siku moja, ikaridhika. Lakini mtu wa hapa anaingia Jumanne anatoka Jumatano, na programu inaangalia siku aliyotoka tu. Jumanne inamwandika hakuja.

— Kwa hiyo nilikuwa kazini, Winchi akasema.

Gitonga alikuwa ameshaanza kuandika. Nikadhani anarekebisha programu. Nikaona nimelea. Kisha akabonyeza, tukasubiri, skrini ikawa kijani kutoka juu hadi chini.

— Umeitengeneza? nikamuuliza.

Hakuwa ameitengeneza. Alikuwa ameongeza mstari mmoja tu wa kuiambia Maven kwamba popote itakapokuwa, hata pale ofisini, majaribio yaendeshwe kwa saa za Nairobi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba programu yenyewe itachukua wiki kadhaa, na ile sehemu yenye kosa iliandikwa na bosi mwenyewe, na mtu ambaye hajathibitishwa hamwambii bosi mambo kama hayo. Jumatatu kila kitu kitakuwa kijani. Atarekebisha baadaye, polepole.

— Polepole, Winchi akasema. — Na mimi Jumatatu?

— Shosho, hebu mweleze.

— Nimweleze nini? Kwamba umeuliza ukajibiwa, jibu hukulipenda, ukamhamisha aliyekujibu nchi?

Waziri akasema, kwa kweli, kama kazi ni kazi safi, mstari mmoja tu. Nikamwambia akunje kiti chake. Akakikunja nusu, akabaki amesimama nacho, kwa sababu kikombe chake kilikuwa bado na kahawa.

Ndipo basi likaja. Winchi akasimama. Taa ya mbele ilikuwa nyekundu, basi likasimama usawa wetu, mlango ukafunguka. Dereva ni Thacienne, mwanamke wa Bukavu, huendesha njia hiyo kila jioni ila hajawahi kushuka kukaa nasi. Alimtazama Winchi akirudi kuketi.

— Weye wa masanduku, alisema. — Juu ya nini haupandi tena?

Winchi akamwambia wamemsimamisha, wanasema kuna siku hakwenda kazini.

— Siku gani?

Akazitaja. Thacienne akakunja uso.

— Ile moja ni ya mvua kubwa. Maji ilijaa chini ya daraja, tukazunguka. Ulikuwa nyuma yangu mpaka Malton, unakula mahindi, unaacha punje kwa kiti yangu. Sasa ni nani anasema haukwenda?

Waziri aliangalia viatu vyake. Winchi alimwangalia Gitonga. Gitonga aliangalia skrini, nayo ilikuwa kijani. Mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii sitamjibia mtu. Thacienne alingoja mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Taa ilikuwa imebadilika zamani. Akatikisa kichwa, mlango ukafungwa, basi likaenda Malton bila mtu wetu.

Gitonga akaninyooshea kikombe, macho bado chini. Nikaitikisa thamosi, nikasikia imebaki ya mtu mmoja. Nikammiminia Winchi. Kikombe cha Gitonga nikakichukua, nikakigeuza, nikakilaza kifudifudi juu ya vitufe vya laptopu.

Kahawa ilikuwa imeisha, na sheria ya benchi wanaijua wote. Waziri alifungua tena kiti chake, akaketi. Winchi hakuondoka. Gitonga akakitoa kikombe, akafunga laptopu, akainuka.

— Keti, nikamwambia. — Dereva atarudi na basi upande wa pili, na ameuliza swali.

Akaketi.