Kibanio Kimesema Mzima

Ugonjwa ulikuwa umefunga shule na baa, lakini benchi la mbele ya duka la Fundi Saa, thubutu! Nani alifunge? Watu waliketi mmoja mwanzo, mmoja mwisho, barakoa kidevuni, kahawa mkononi. Siku hiyo Fundi Saa alikuja na kibanio cha kupimia hewa mwilini, kile wanachokubana kidoleni hospitali. Alikiazima kwa sababu ya dada yake mkubwa. Jana hospitali walimrudisha nyumbani huku anahema: kibanio kimesema tisini na sita, mzima huyo, akalale. Fundi Saa hakuwa ameonja usingizi.

— Lete hapa! Kinyozi akachomeka kidole. Tisini na nane! Mnaona mwanamume?

— Tisini na tisa, akajibu Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la sita ila kushindwa hajui. Mpanda ngazi hushuka, bwana.

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Imeingia kwa miguu yake.

Fundi Saa akacheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

— Jamani, dada midomo imebadilika rangi. Kidude bado kinasema mzima!

— Kina adabu, akasema Profesa. Hakipendi kumtisha mgonjwa.

— Adabu gani? akadakia Kinyozi. Kinatubagua! Kinaona ngozi nyeusi, kinasema hawa wamezoea shida, wape tisini na sita waende zao.

— Tena vinapigiana simu! akaongeza Profesa. Mweusi anakuja, fumba macho! Ndiyo maana wahenga wakasema, damu nzito kuliko maji.

Benchi zima likaangua kicheko, kahawa ikamwagika.

Mama mmoja aliyeleta saa kubadilishiwa betri alikuwa amesimama pembeni.

— Samahani, kaka zangu. Hicho si kinasoma hewa kwa kumulika taa kwenye ngozi? Walipokitengeneza, walikijaribu kwenye vidole vya nani?

Kinyozi akatazama kidole chake. Profesa akakivua kibanio, akamrudishia Fundi Saa.

Fundi Saa akainuka.

— Kinyozi, washa pikipiki. Namrudisha dada hospitali.

— Wakikuonyesha namba tena?

— Nitawaambia waiweke kando, wamwambie yeye ahesabu mpaka kumi kwa pumzi moja.

— Akikwama?

— Asubuhi hii alifika tatu.

Kinyozi alikuwa tayari anakimbilia pikipiki.