Huguette Vernhet na Ukuta wa Kaskazini

Miaka thelathini na mitatu si mchezo. Tarehe 30 Juni, Bi. Huguette Vernhet, mtunza kanisa letu hapa Montfrayol, anastaafu rasmi, na sisi wa ofisi ya kijiji tumeshaanza kuulizana ni nani atakayejua mfereji upi wa paa huziba kwanza.

Aliajiriwa kufagia. Mkataba haukutaja kuondoa viota vya njiwa mnarani, kutia mafuta saa kuu, wala kuwafukuza mbuzi wa Mzee Fabre makaburini. Yote aliyafanya, huku akilalamika kwa sauti kila siku ya Mungu. Padri wetu ana vijiji kumi na saba, hivyo humwona mara moja kwa mwezi, na humwogopa kidogo.

Kosa lake kubwa hulisimulia mwenyewe kwa kicheko. Mwaka wa saba kazini aliona kuvu kwenye ukuta wa kaskazini, akauvamia kwa brashi na sabuni ya mche. Chokaa ikabanduka, likatokea jicho. Akadhani ni uchafu, akazidi kusugua. Alipong'amua kuwa ni mchoro wa kale, lo, mtume wa watu hana pua!

Jumatatu iliyofuata mafundi walikuwa waje kuupiga ukuta ule saruji. Halmashauri ikaamua kazi iendelee: wakubwa wa mambo ya kale wakijua, kanisa litafungwa, na harusi ya binti wa meya ilikuwa Agosti. Huguette akafunga mlango, akatia ufunguo kwenye aproni. Meya alipompigia simu, alimjibu, "Mheshimiwa, pua nimeshaiharibu mimi. Macho hamtayagusa ninyi."

Ikaandikwa barua: atoe ufunguo au aache kazi. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na kazi nyingine hapa ni ipi? Hakuutoa. Siku ya tisa mtaalamu wa michoro ya kale, ambaye Huguette alikuwa amemwita, akafika kutoka mjini. Leo mitume kumi na wawili wako ukutani, na watu hutoka mbali kuja kuwaona. Bibi harusi alifunga ndoa kijiji cha jirani, na ndoa ingalipo.

Barua ile niliichapa mimi. Maneno "ndani ya saa ishirini na nne" meya hakuyasema. Niliyaongeza mwenyewe, nimfurahishe. Kesho yake Huguette aliniletea mayai kama kawaida. Miaka ishirini na sita tunakunywa kahawa meza moja, sijathubutu kumwambia.

Kwa niaba ya kijiji kizima: asante, na Mungu akujalie mapumziko marefu yenye afya. Kwa niaba yangu mwenyewe, Ghislaine: nisamehe, dada.