Mama Odile Okito, Aliyetaka Mtu Abonyeze Kwanza

Tarehe 31 Julai 2025 Mama Odile Okito anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya uchapaji hapa Kasuku. Alianza mwaka 1999, vita vikiwa vimepamba moto, akichora kwa mkono kwenye karatasi za stensili.

Mwaka 2001 kituo kimoja cha afya kiliagiza kadi mia nne za chanjo. Mama Odile alichora moja, akaipamba kwa mstari mwekundu, kisha akakataa kuchapa nyingine kabla ya kuijaribu. Akaenda nayo hadi kwenye kizuizi cha wanajeshi, njia ya Kailo. Walimshikilia tangu asubuhi hadi alasiri, kwa sababu vibali vya upande wa pili navyo vilikuwa na mstari mwekundu. Alirudi na kiatu kimoja, akaomba wino wa kijani. Wenzake walikicheka kiatu; akina mama walipita salama na kadi zao.

Kompyuta zilipofika, yeye ndiye aliyejifunza wa mwisho, na hakuna aliyemshinda kwa kuzigombeza.

Mwaka jana tuliombwa kutengeneza programu ya simu ya kuandikisha chanjo. Kompyuta yetu ingeweza kubeba chombo kimoja tu cha kuchorea: kile chepesi cha usanifu, kinachotoa bango zuri kabla ya saa sita, au kile cha vielelezo, yaani kurasa za majaribio zinazobonyezwa kabla programu yenyewe haijajengwa. Joëlle, anayeandika mistari hii, alitaka kile chepesi, na alisema waziwazi kwamba mama huyu amepitwa na wakati. Mama Odile hakukasirika.

"Kama ni kitu ya kuangalia, tumia ile ya mwepesi," alisema. "Kama ni kitu ya kufinya, muntu afinye kwanza mbele yako." Kwake kufinya ni kubonyeza.

Basi kielelezo kikapelekwa Kibombo kwa muuguzi Moussa, kikiwa na majina ishirini ya watoto. Moussa ana vidole vinene. Kila alipotaka kufungua jina, aligusa alama ya "amechanjwa" iliyokaa ubavuni. Watoto kumi na mmoja wakaandikwa wamechanjwa bila kuona sindano. Majina yale yalikuwa ya kubuni. Ya kweli yalikuwa yaingizwe wiki iliyofuata, na aliyeiweka alama ile pale ni Joëlle.

Asante, Mama Odile. Tunakuombea afya, miaka mingi na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Watoto wa Kibombo wamepata sindano zao, na Joëlle anaomba umsamehe.