Fomu ya Wenye Biashara

Basi la Kasanga lilipokaribia Sumbawanga, mtafiti kijana alimuuliza mfanyabiashara wa mahindi aliyeketi naye: “Mzee, wateja wa Zambia walipokatika, ulinusurikaje?”

“Niliwapunguza wachambuaji wawili wa mahindi, biashara ikapona.”

Kijana akaandika kwenye fomu yake.

Evodia, aliyeketi kiti cha nyuma yao, hakutulia. Naye alikuwa akichambua mahindi kwa tajiri mwingine, mpaka alipoambiwa asirudi.

“Na hao wawili, mwanangu, walipona?”

“Mama, fomu hii ni ya wenye biashara tu.”

“Wangechambua nini wakati mzigo haupo?” mzee akafoka.

“Sikulaumu, baba. Nauliza tu kama walipona.”

Mzee akageukia dirisha. Basi likasimama kituo cha Katandala. Kijana aligeuza fomu upande usioandikwa ili aandike habari za Evodia, lakini kondakta alikwishamshusha.