Taa ya Kambale Gracien

Baba Padri, wakubwa wa ukoo, majirani wa Karambi, wavuvi mliotoka Katwe na ndugu mliovuka mpaka kutoka Kasindi asubuhi hii, mimi ni Kule, mdogo wa marehemu anayemfuata, na ndiye niliyechaguliwa na ukoo kusoma historia yake. Mtaniwia radhi nikisimama vibaya, kwa sababu tangu juzi sijakaa mahali pamoja hata dakika kumi, na najua nanyi hamjatulia, mnaulizana chini chini ni nani aliyefunika taa ziwani, na kwa nini Semakula, mwenzetu wa mtumbwi, amesimama nje ya ua akikatazwa kuingia. Nitafika huko, lakini niacheni nianze alikoanzia yeye.

Marehemu Kambale Gracien alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1982, mtoto wa pili wa kiume wa marehemu mzee Kataliko na mama yetu Consolée, ambaye mnamwona hapa mbele, na mama husema tangu akiwa mchanga usingizi wa usiku haukumpata, akitambaa gizani kuelekea jikoni palipobaki kaa la moto, hata akawa anamwambia, "Weye uko mutoto ya namna gani, usiku yote macho wazi tu?"

Alianza shule ya msingi Butembo mwaka 1988, akaiacha katikati ya vita, tukavuka mpaka wa Mpondwe kwa miguu mwezi Novemba 1996, akaendelea na masomo hapa Karambi, akirudishwa madarasa mawili kwa ajili ya Kiingereza, akamaliza la saba mwaka 1999 na mwaka wa pili wa sekondari mwaka 2001, kisha akaacha, si kwamba hakuwa na akili, ila kukaa kwenye benchi kulimshinda.

Mwezi Mei 2002 alipanda lori la kahawa akiwa utingo hadi Mombasa, lori likarudi, yeye hakurudi, na kwa miaka tisa alikaa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, akivua ngisi usiku, kazi ambayo ilimfaa mtu asiyelala kuliko zote alizozijaribu. Huko alifundishwa kuchonga chambo cha mti chenye umbo la kamba, yule mdudu wa baharini mwenye masharubu, kukivika kitambaa cha rangi ya machungwa na kukifungia mkiani taji la ndoano ndogo, kuning'iniza taa ubavuni mwa mtumbwi, na kutokukitupa chambo kwenye mwanga wenyewe, maana ngisi hakai mwangani, hukaa pale mwanga unapokutana na giza, akivizia. Unavuta mara mbili, unaacha kizame, na ngisi hukishika wakati kimetulia, si wakati kinakimbia. Aliniambia hilo mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia, naye mwenyewe hakuwahi kutulia hata siku moja.

Alirudi mwezi Februari 2011 na sanduku la vyambo arobaini, akaenda nalo Katwe, kwenye ziwa ambalo ngisi hajawahi kuonekana, na nyinyi wavuvi mnaotabasamu hapo nyuma ndio mliompa jina la Bwana Ngisi. Semakula, ambaye alizaliwa na kukulia kambi ya jeshi na husema Kiswahili cha huko, alimwuliza mbele ya watu wote, "Afande, samaki ya hapa inakula nguo?" Ilichukua miezi saba, akalitoa lile taji akaweka ndoano moja, akaongeza manyoya ya jogoo, akapunguza uzito, mpaka semutundu, yule samaki wa masharubu anayewinda usiku, akaanza kukishika chambo pale pale kwenye ukingo wa giza, na Semakula akawa wa kwanza kuomba kupanda mtumbwi wake.

Alifunga ndoa na Laurentine parokiani Bwera, hapo jirani, tarehe 7 Julai 2012, wakabarikiwa watoto watatu, Blandine mwaka 2013, Barbara mwaka 2016, na Kataliko mdogo mwaka 2019. Shemeji yangu Laurentine ananiruhusu niseme kwamba kitenge chake cha harusi, cha rangi ya machungwa, kilikatwa pindo kipande kwa kipande hadi kikafika magotini, na kila alipouliza alijibiwa kwamba ni panya. Alikuwa baba mwema, nasema hivi bila kuombwa, alirudi alfajiri, akawapeleka watoto shule, ndipo akalala, na saa nane mchana alikuwa amekwisha amka anachonga.

Katika mtumbwi wake alikuwa na sheria moja, taa haifunikwi wala haizimwi mpaka vyambo vyote vimo ndani na kila mtu ameketi, kwa sababu kwenye ziwa la viboko, taa ndiyo inayomwambia kiboko uliko, naye hupita mbali.

Sasa karatasi niliyopewa na ukoo inasema kwamba usiku wa Alhamisi tarehe 27 Februari 2025 taa ilizimika, basi, na watu wameongezea kwamba Semakula ndiye aliyeizima, akiogopa doria. Naiweka karatasi hii chini. Leseni ya mtumbwi ilikwisha mwezi Desemba, mimi ndiye niliyetumwa kuifuata upya, sikwenda, nikamwambia kaka yangu kwamba iko tayari. Usiku ule tulisikia injini, nikadhani ni doria, nikachukua beseni nikaifunika taa, na Kambale alikuwa amesimama, samaki yuko kwenye uzi, akanipigia kelele, "Kule, acha taa!" Injini ilikuwa ya mvuvi mwenzetu anarudi nyumbani. Kiboko aliibuka chini yetu gizani, mtumbwi ukapinduka, ukamponda kaka yangu kifua, na Semakula huyu mnayemfukuza ndiye aliyemshika juu ya mtumbwi uliopinduka mpaka kukapambazuka, mimi nikiwa nimeng'ang'ania upande wa pili nalia.

Alilazwa hospitali ya Bwera siku ya Ijumaa, akaugua siku nane, maji yakajaa kwenye mapafu, na siku ya sita aliniita karibu akasema, "Kule, taa ilizimika yenyewe. Umesikia? Mama asijue." Alifariki Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa kumi alfajiri, akiwa macho, amebakiza siku sita atimize miaka arobaini na mitatu. Yaya, kaka yangu mkubwa, nimekuasi. Mama, nisamehe. Nilinyamaza siku zote hizi huku mtu mwingine akibeba lawama yangu, na nimeona aibu kiasi cha kushindwa kula.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani mliochimba kaburi kwenye mvua ya jana, Laurentine ambaye hakuondoka kando ya kitanda cha mumewe, na wavuvi wa Katwe mliomtoa majini. Na wewe Semakula, ingia, ndugu yetu, watakupisha, udongo wa kwanza baada ya mama ni wako, mimi nitatupa wa mwisho.

Vyambo vyake tunamwachia Blandine, anajua kuvivuta.

Kambale, yaya wangu, pumzika sasa. Lala usiku kama watu wengine. Taa nimeiacha inawaka.