Mzee Nyangwine na Uwanja wa Ngoma wa Kebwasi

Wasikilizaji wapendwa, wa Nyamisangura mliofungua maduka, wa Morotonga mlioko shambani, wa Kenyamonta mnaotembea nyuma ya ng'ombe na redio begani, nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Bernadetha Gati. Leo nina hasira, na nawaambia mapema ili asije mtu akasema nimemshtukiza.

Tunamkumbuka Mzee Nyangwine Matiko, mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi. Amefariki wiki iliyopita. Amezikwa jana, bondeni, nyumbani kwa binti yake. Bondeni, wasikilizaji. Alitaka kuzikwa mlimani. Shikeni hilo, nitalirudia.

Wengi wenu hamkuwahi kukutana naye, lakini sura yake mnaijua. Ni yule mwanaume wa kwenye picha. Picha ya kalenda, picha ya mabango, picha iliyobandikwa kwenye kila hoteli kuanzia Tarime mpaka Mugumu. Ameketi kwenye kigoda, litungu liko mapajani, mdomo uko wazi. Chini wameandika, "Karibu Ufurahie Milima Yetu." Wiki hii nzima watu wanatumiana picha ile. Wanamwita baba wa utalii wa milimani. Wanasema alipenda wageni.

Kupenda wageni, hilo ni kweli. Tuanzie hapo.

Nyangwine alizaliwa kwenye kilima cha Kebwasi, upande wa milima ya Tarime. Akamwoa Wegesa, wakajenga mji wao juu kabisa, mahali ambapo ukisimama mlangoni unauona Mto Mara chini, na ng'ambo yake nyika inayokwenda mpaka Serengeti. Wegesa ndiye aliyeikandika ile nyumba kwa mikono yake. Nyangwine alikuwa na litungu lake la nyuzi nane, na kikundi cha ngoma kilichovaa vile viatu vyetu vya mbao, vizito, vinavyoifanya ardhi iitike.

Miaka ya mwanzo ya sabini, miaka ya ujamaa, wageni walianza kuja. Walitoka kuangalia wanyama, wakapitia Mugumu, wakataka kupanda milima yenye baridi. Walikuwa walimu wa kujitolea, mainjinia, wakubwa kutoka Dar es Salaam na wake zao. Aliyewaleta ni bwana mmoja aliyeshughulikia mambo ya utamaduni. Jina lake silitaji. Ametangulia mbele ya haki, na huko atajieleza mwenyewe. Nitamwita Bwana Utamaduni.

Nyangwine ndiye aliyewapandisha. Aliwaonyesha maporomoko, aliwaonyesha mapango, aliwafundisha kucheza mpaka wakaanguka wakicheka. Halafu akafanya kosa. Kosa ambalo Mkurya yeyote mwenye heshima angelifanya. Aliwapeleka nyumbani.

Maana kwetu humzungushi mgeni porini kutwa nzima kama mbuzi aliyepotea, kisha ukamwacha barabarani. Unampitisha langoni, unampa kigoda, anakunywa kitu. Wegesa aliwapa uji wa wimbi na maziwa mgando. Binti yao, Mama Mokami, ambaye sasa naye ni bibi, aliniambia hivi: "Mama alikuwa anamtania tata, baba yangu. Anamwambia, wewe Nyangwine, hawa watu wako siku moja watakuja na vitanda vyao." Wakacheka. Wageni nao wakacheka, bila kujua wanachekea nini. Bwana Utamaduni hakucheka. Alikuwa anaangalia ile mandhari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tunavyosema. Nyangwine hakupona.

Mwaka 1973 Wegesa aliugua homa. Wakambeba kwa kitanda kuteremka kilima, akafia njiani kabla hawajaifikia barabara. Wakampandisha tena. Wakamzika kwenye mji wake, kushoto kwa mlango wake. Hakukuwa na saruji wala msalaba wa chuma. Ardhi ilisawazishwa tu, na kila mwenyeji alijua ni wapi.

Mwaka uliofuata ikaja Operesheni. Watu wa milimani wakaambiwa washuke, waishi pamoja bondeni, wapate shule, maji na zahanati. Sikilizeni, mimi sibishani hapa na siasa ya ujamaa. Wapo waliopata shule kwa sababu hiyo, na mama yangu mzazi ni mmoja wao. Nyangwine mwenyewe hakubisha. Alishuka na ng'ombe wake na watoto wake. Aliomba jambo moja tu kwa Bwana Utamaduni. Alisema, "Mzee, pale uani usiruhusu mtu achimbe wala akanyage. Pale yupo Wegesa." Bwana Utamaduni akamshika mkono, akasema ameelewa.

Ameelewa.

Nyumba zote za kilima kile zilibomolewa. Nyumba ya Wegesa haikubomolewa. Mnajua kwa nini? Iliachwa ili wageni waone nyumba ya Kikurya inafananaje. Wenye nyumba hawakutakiwa kukaa mlimani, kwa sababu mlimani ni mbali na maendeleo. Wageni waliruhusiwa kukaa, kwa sababu mlimani pana hewa nzuri. Nielezeni hilo, wenye akili, maana mimi nimeshindwa.

Baada ya mavuno kikundi kiliamriwa kupanda kuwachezea wageni wakubwa. Nyangwine akatangulia na litungu lake. Alipofika juu akakuta nyumba ya mkewe imepakwa chokaa. Mbele yake kuna mabenchi. Ua wote umeshindiliwa kifusi, ukawa duara gumu, safi, la kuchezea ngoma. Kushoto kwa mlango palikuwa ndani ya duara. Wageni walikuwa wamesimama hapo hapo na glasi mkononi.

Mzee Ramadhan, fundi cherehani wa Nyamisangura, alikuwepo. Yeye ndiye aliyeshona sare za kikundi. Ujana wake alikuwa mpishi wa Wazungu, kwa hiyo Kiingereza alikisikia vizuri. Jumamosi nilikwenda kumsalimia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nilimwona Nyangwine anageuka. Aliwaambia vijana neno moja tu. Vueni."

Wakavua. Wote wakavua viatu vya mbao, wakakaa chini nje ya duara. Nyangwine akaketi kwenye kigoda, akapiga litungu la msiba. Peke yake. Wakurya wote pale waliinamisha vichwa. Wageni wakaanza kupiga makofi kufuata mdundo.

Bwana Utamaduni akamwinamia, akamnong'oneza, "Changamka, bwana. Unaniaibisha."

Nyangwine akanyamazisha nyuzi. Akainua uso. Akasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake kile cha milimani, "Waambie wageni. Hapa mnapokanyaga amelala mke wangu."

Wageni wakamtazama Bwana Utamaduni awatafsirie.

Mzee Ramadhan alinishika mkono hapa, wasikilizaji. Akasema, "Yule bwana alitabasamu. Akawaambia kwa Kiingereza, anasema karibuni sana, jisikieni mko nyumbani."

Wakapiga makofi. Wakapiga makofi mengi kuliko mwanzo. Mama mmoja wa kigeni alifuta machozi kwa furaha.

Njiani wakiteremka, Ramadhan alimweleza rafiki yake kilichotafsiriwa. Anasema Nyangwine alisimama, akauliza, "Kwa hiyo hawakujua?" Ramadhan akamjibu, "Hawakujua, ndugu yangu." Nyangwine akasema, "Basi hao wageni sina kesi nao." Akaendelea kuteremka.

Mimi ningesema mengine. Lakini mimi si Nyangwine.

Alichopata ni asante ya punda. Aliitwa mpinga maendeleo. Aliwekwa mahabusu, akatoka, akakuta kikundi kimepewa kiongozi mwingine. Litungu akalitundika darini, hakulipiga tena. Wageni walipokuja kumwulizia, aliwapa maji ya kunywa, akawaonyesha njia kwa kidole, akarudi kwa ng'ombe wake. Lakini kila baada ya mavuno alipanda Kebwasi. Mama Mokami alikuwa anamsindikiza. "Tata alikuwa anasimama ukingoni mwa ule uwanja, anapiga hodi," ananiambia. "Anasubiri. Halafu anaingia bila viatu, anakaa kushoto kwa mlango. Walinzi wakija kumfukuza, anasema subirini, naongea na mwenye nyumba."

Alikuwa na ombi moja la mwisho. Azikwe hapo, kushoto kwa mlango, karibu na Wegesa.

Siku hizi pale pana kambi ya wageni. Sitaitaja. Wenyewe wanajijua, na najua wananisikiliza. Familia ilikwenda kuomba nafasi ya kaburi. Iliambiwa isubiri msimu uishe, kwa sababu wageni wameshaweka nafasi, na kaburi jipya litawaharibia mapumziko. Ikapewa shada la maua na pole nyingi. Ikaahidiwa kwamba Jumapili hii kutakuwa na ngoma ya kumuenzi marehemu, na nyama choma. Ngoma itachezwa wapi? Kwenye uwanja ule ule. Kwa viatu vya mbao.

Maiti haisubiri msimu. Kwa hiyo jana tumemzika bondeni. Bondeni, wasikilizaji. Kwa mara ya pili ameshushwa kutoka kwake.

Mama Mokami, na ukoo wote wa Matiko, poleni. Mzee Ramadhan, pole kwa rafiki. Mungu amlaze Mzee Nyangwine mahali ambapo hakuna atakayemwambia achangamke.

Na sisi tuliobaki tutafakari. Milima ni yetu, wageni waje, wapande, wacheze, wanywe uji. Hata Nyangwine angewakaribisha. Lakini anayesimama kati yao na sisi, akitafsiri, anawaambia nini?

Vijana wa ngoma mlioitwa Jumapili, nawaomba mpande. Mkifika ukingoni mwa uwanja, pigeni hodi, kisha fanyeni walichofanya baba zenu. Na wewe mwenye ile picha ukutani, itazame tena leo. Ilipigwa siku ile ile, kwenye uwanja ule, kabla ya yale makofi ya pili. Mkono wa Nyangwine umezishika nyuzi, umezinyamazisha. Mdomo uko wazi, na miaka yote hii umedhani anaimba. Haimbi. Anasema, "Hapa mnapokanyaga amelala mke wangu."